Kinachochakaa kwenye vepu ya mbao si mbao

Anayenunua vepu, yaani kifaa cha umeme cha kuvutia mvuke, yenye mwili wa mbao amelipia mguso. Betri, saketi na koili za ndani ni zilezile zilizomo kwenye vepu za chuma na plastiki. Tofauti iko kwenye kile kinachoshikwa na kiganja. Ndiyo maana mwenyewe huumia miezi kadhaa baadaye, anapoona mahali pa kidole gumba pamefifia, kona za chini zimekauka na kupauka, na pembeni mwa tundu la kujazia pameingia doa jeusi linalonata. Wengi hukimbilia mafuta. Mafuta gani? Yaliyo karibu: ya nazi, ya zeituni, hata yale ya kupaka watoto. Siku mbili mbao inang'aa. Wiki ya pili inanata, inakusanya nyuzi za mfukoni, na doa liko palepale.

Mara nyingi mbao yenyewe haina tatizo. Kilichochakaa ni tabaka jembamba lililopakwa juu yake, na matabaka hayo hayafanani: mengine hulainika kwa spiriti, mengine kwa tina (kiyeyushi cha rangi), mengine hayalainiki kwa kitu chochote ambacho mtu mwenye akili angekisogeza karibu na betri. Kurudisha sura ya vepu ni kazi ya kutambua kwanza na kupaka baadaye, na hiyo ya kutambua ndiyo watu wanayoiruka.

Makala hii inahusu mbao, haimshawishi mtu kuanza nikotini. Msomaji wa Kampala pia ajue kwamba Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Uganda ya mwaka 2015 inapiga marufuku kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki, ziwe za mbao au za dhahabu. Asiyevuta kabisa anaweza kusoma akiwa na mpini wa kisu au kalamu ya mbao mkononi, kwa kuwa mengi yatakayosemwa hapa yanahusu vitu hivyo pia.

Mbao iliyokunywa resini

Swali la kwanza ni kama mbao yako bado ni mbao tupu. Visanduku vingi vya vepu vyenye mabaka ya buluu, kijani au zambarau katikati ya kahawia vimechongwa kutoka kwenye nundu za miti zilizoshibishwa resini, kimiminika kinachokaza kama plastiki. Kipande kikavu cha nundu hutumbukizwa kwenye resini ambayo bado ni majimaji ndani ya chombo kinachonyonywa hewa. Hewa inapotoka kwenye vinyweleo vya mbao, resini huingia mahali pake, kisha kipande hupelekwa kwenye joto la karibu nyuzi 90 za Selsiasi mpaka resini ikaze. Kinachotoka humo kina uzito wa kushangaza na hakinywi tena kitu.

Hapo ndipo chupa nyingi za mafuta zinapopotea bure. Ukipaka mafuta kwenye mbao ya namna hii hayana pa kwenda. Yatakaa juu, yatashika vumbi, na utayafuta kesho. Mng'aro wake haukutokana na kupakwa kitu, ulitokana na kusuguliwa, kwa hiyo unarudi kwa njia hiyohiyo: msasa wa maji kuanzia namba 800, kisha 1200, kisha 2000, na mwisho rabingi, dawa ileile ya kung'arishia wanayotumia mafundi wa rangi za magari, kwa kitambaa laini cha pamba. Hakuna kusubiri kukauka. Jioni moja inatosha, na ndiyo kazi rahisi kuliko zote zitakazotajwa hapa.

Mbao tupu ni habari nyingine. Kwenye vifaa vya kupasha majani makavu ndiyo iliyozoeleka. Kisanduku cha Launch Box cha kampuni ya Magic-Flight ya San Diego, Marekani, kilichofahamika kwa mwili wake wa maple unaoenea kiganjani, ni mfano mzuri. Mbao ya namna hii hunywa, hutoa unyevu, hutanuka na kusinyaa, na tabaka lililo juu yake lina kazi ya kweli ya kufanya.

Tone la maji, tone la spiriti, tone la tina

Tafuta mahali pasipoonekana, kwa mfano upande wa ndani wa mlango wa betri. Toa betri kwanza. Weka tone la maji na usubiri dakika tano. Likizama na kuacha alama ya giza, mbao iko wazi, au ilipakwa mafuta ambayo yamekwisha nguvu. Likikaa kama shanga, kuna kitu juu. Kwaruza kwa ukucha: kama kunatoka utando mweupe laini, hiyo ni nta.

Kama si nta, chovya pamba ya masikio kwenye spiriti kali na uibonyeze hapo kwa nusu dakika. Uso ukianza kunata, umekutana na sheleki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa laki wanaofugwa kwenye miti, hasa India na Thailand. Ndiyo hiyohiyo inayong'arisha baadhi ya vidonge na peremende. Uso usipobadilika, jaribu tone dogo sana la tina. Ukilainika, ni laka, ile inayopulizwa kwenye fanicha nyingi za madukani. Usipolainika hata kidogo, unashughulika na vanishi ya poliyurithani, epoksi, au supaglu, ambayo wachongaji wa vitu vidogo huipenda kwa sababu hukauka kwa sekunde na kutoa uso mgumu wa kioo.

Jaribio hili halikupi jina la dawa tu, linakueleza utakavyotengeneza. Sheleki na laka hukauka kwa kuondokewa na kiyeyushi chake tu, wala hazibadiliki ndani. Ukipaka mkono mpya, yaani tabaka jipya, juu ya wa zamani, kiyeyushi cha mkono mpya huilainisha ile ya chini na zote mbili zinakuwa tabaka moja. Mkwaruzo unafutika bila kuonekana pa kuunganishia. Poliyurithani na epoksi hukauka kwa mmenyuko wa kikemikali usiorudi nyuma, kwa hiyo mkono mpya hauwezi kuyeyukia kwenye wa zamani. Unashika kwa makucha tu, na makucha hayo ni mikwaruzo ya msasa. Ukipaka vanishi mpya juu ya ya zamani inayong'aa bila kuipiga msasa, itabanduka vipande vipande kama ngozi iliyoungua na jua. Na ukitaka kutengeneza sehemu moja tu ya kisanduku kilichopakwa poliyurithani, mpaka wa kiraka utauona daima. Afadhali upige msasa upande mzima kutoka kona hadi kona.

Kwa nini mafuta ya nazi hayafai

Turudi kwa yale mafuta yaliyo karibu. Mafuta ya mimea yote yametengenezwa kwa minyororo mirefu ya kaboni. Katika baadhi yake minyororo hiyo ina viungo maradufu vingi, na hapo oksijeni ya hewani hupata pa kushika. Mnyororo hufungwa na jirani yake, jirani na mwingine, mpaka mafuta yaliyokuwa maji yanakuwa utando mgumu usiorudi kuwa maji tena. Tunaposema mafuta yamekauka, hakuna kilichopotea hewani; yamechukua kitu kutoka hewani.

Wanakemia hupima uwezo huo kwa namba ya iodini, yaani gramu za iodini ambazo gramu 100 za mafuta zinaweza kuzifyonza. Mafuta ya mbegu za kitani, ambayo kwenye maduka ya rangi huitwa linsidi, yana namba ya karibu 170 hadi 200. Alizeti iko karibu 110 hadi 140, kwa hiyo hukauka nusunusu na kubaki na unato. Zeituni haifiki 95. Nazi iko kati ya 6 na 11. Waweza kungoja mafuta ya nazi yakauke kwenye mbao mpaka masika mawili yapite. Si mafuta mabaya, hata kuchacha huchelewa, ila hayajaumbwa kwa kazi hii. Yale ya watoto yanatokana na petroli na hayakauki milele.

Kwa mbao tupu, basi, chaguo la kweli ni linsidi au mafuta ya mti wa tungi, ambao asili yake ni China na uliwahi kulimwa hata Malawi. Tungi huvumilia maji zaidi na haligeuki njano sana; linsidi hupatikana kwa urahisi na huipa mbao rangi ya asali. Jihadhari na linsidi iliyoandikwa kwamba imechemshwa. Kwa kawaida haikuchemshwa. Imetiwa chumvi za madini kama kobalti na manganizi ili ikauke haraka. Kwa meza ya sebuleni sina neno. Kwa kitu kinachokaribia mdomo mara nyingi kwa siku, mimi ningechukua ile mbichi na kukubali kusubiri.

Pwani yetu haikuwa na linsidi, lakini mafundi wa majahazi walijua kanuni hiyo vizuri. Mbao za juu walizipaka sifa, mafuta ya papa, na za chini ya mstari wa maji wakazipaka deheni ya shahamu na chokaa. Sifa haina mng'aro wa kujivunia na harufu yake huifahamu yeyote aliyepita kwenye gati la mashua. Faida yake ni kwamba haijengi ngozi nene ya kubanduka: ikipungua, unapaka tena juu ya ileile bila kukwangua. Mafuta yanayokauka yana tabia hiyo, na ndiyo sababu nayapendelea kwa kifaa kinachoshikwa kila siku kuliko vanishi yoyote, ingawa vanishi hupendeza zaidi siku ya kwanza.

Joto, jasho na kile kimiminika

Vepu ya kimiminika huishi na adui ambaye meza haimjui. Kimiminika chake ni mchanganyiko wa propilini glaikoli na gliserini, na propilini glaikoli ni kiyeyushi. Tone lililovuja na kuachwa usiku kucha hulainisha sheleki, huingia kwenye laka iliyopasuka, na likifika kwenye mbao tupu huivuta iwe nyeusi. Doa lile la tundu la kujazia lilizaliwa hivyo. Bahati nzuri vyote viwili huchanganyika na maji, kwa hiyo kitambaa chenye unyevu wa maji ya uvuguvugu, kikipita mapema, hufanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote ya dukani.

Kisha joto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani Dar es Salaam mchana linaweza kuufikisha ubao wa mbele karibu na hapo, na vepu iliyosahauliwa pale huonekana kutoka jasho. Nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mnazi-pori wa Brazili, huvumilia mpaka nyuzi 80 na ushee, na ni ngumu zaidi. Wachongaji wa viko vya mti wa briari, ambao wamehangaika na moto, mkono na mdomo kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote wa vepu, huitumia hiyo kwa kuisugua kwenye gurudumu la kitambaa linalozunguka, na ndani ya bakuli la kiko hawapaki vanishi wala nta.

Desturi hiyo ya pili ndiyo muhimu zaidi. Kwenye kifaa cha kupasha majani, hewa inayopita inaweza kufika nyuzi 200. Hakuna mafuta, nta wala vanishi inayopaswa kuwa kwenye njia ya hewa hiyo. Mwili wa nje unaweza kuupaka utakavyo. Mfereji wa ndani, chumba cha joto na tundu linaloelekea mdomoni viachwe mbao tupu au chuma kitupu. Mapafu hayana namna ya kushughulika na mafuta yanayoingia kama mvuke au matone. Mwaka 2019 maelfu ya watu walilazwa Marekani kwa ugonjwa wa mapafu uliohusishwa na vepu, na mafuta ya asetati ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye bidhaa za bangi ndiyo yaliyobainika kuwa mtuhumiwa mkuu. Kisa hicho hakikuhusu polishi ya mbao, ila kinatosha kumfanya mtu azibe matundu kwa uangalifu kabla ya kufungua kopo.

Kazi yenyewe

Toa betri na atomaiza, yaani sehemu inayogeuza kimiminika kuwa mvuke. Ziba kila tundu na kila kituo cha umeme kwa utepe wa karatasi. Kama paneli za mbao zinafunguka kwa skrubu, zifungue na uzifanyie kazi mbali kabisa na saketi. Wengine hupenda sufi ya chuma kwa sababu hulainisha mbao vizuri kuliko msasa. Kwa kifaa cha betri isitumike. Nyuzi zake hukatika vipande vidogo vya kupitisha umeme, na betri ya lithiamu ya aina ya 18650 ikipata njia ya mkato kupitia vipande hivyo haikupi onyo.

Futa uchafu kwa kitambaa chenye unyevu, acha pakauke. Piga msasa kufuata nyuzi za mbao, namba 320 pale palipokwaruzika sana, kisha 400 na 600. Kona zipitie mara moja tu, kwa sababu huko tabaka ni jembamba na umbo hupotea bila wewe kuhisi. Pitisha kitambaa chenye maji kidogo, ngoja vinyuzi vya juu ya mbao visimame, kisha vikate kwa msasa wa 600. Hatua hii wengi huipuuza, halafu wanashangaa kwa nini mbao ilikuwa laini mezani na imekuwa na makwaruzo baada ya siku ya kwanza ya jasho. Vaa barakoa. Vumbi la mbao limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na mvule, kwa mfano, huwachokoza pua na ngozi mafundi wengi hata kabla ya kufikiria saratani.

Kibonyeo, yaani mahali mbao imebonyea bila nyuzi kukatika, kinaweza kuinuliwa kwa kitambaa kibichi na ncha ya pasi ya moto, kwa kuwa mvuke huzivimbisha nyuzi zilizogandamizwa. Ni ufundi mzuri wenye masharti mawili: paneli iwe imetolewa kwenye kifaa, na mbao isiwe ya resini.

Mafuta yapakwe kwa kidole au kitambaa, kidogo. Yakae dakika kumi au kumi na tano, kisha futa yote yaliyobaki juu, kana kwamba umejuta kuyapaka. Kilichoingia kimeingia, kilichobaki juu ndicho kinachonata. Rudia kesho, na kesho kutwa kama mbao bado inakunywa. Halafu subiri, na hapa haraka haina baraka kweli: linsidi mbichi huhitaji wiki kadhaa ili ikaze hadi ndani. Pua ndiyo kipimo. Ukisogeza kifaa karibu na bado kinanukia mafuta, hakijawa tayari kurudi mdomoni. Kikishakauka, nta kidogo ya nyuki iliyochanganywa na kanauba, ikisuguliwa kwa kitambaa kikavu, itakipa uso usioshika alama za vidole.

Mpingo na jamaa zake hawafuati utaratibu huu. Mpingo ni mzito kuliko maji, huzama, na umejaa mafuta na utomvu wake wenyewe, ule unaoufanya ufae klarineti na oboe duniani kote. Utomvu huo huzuia mafuta yanayokauka yasikaze. Ukipaka linsidi juu ya mpingo unaweza kubaki na unato kwa miezi. Ukilazimika, futa uso kwa asetoni kabla tu ya kupaka. Mimi nisingepaka chochote zaidi ya nta, kwani mpingo uliopigwa msasa mpaka 2000 unang'aa wenyewe. Ila hakikisha ni mpingo. Biashara ya kupaka mti wa kawaida rangi ya viatu na kuuita mpingo anaijua kila aliyewahi kununua kinyago barabarani, na kitambaa cheupe chenye spiriti kikitoka cheusi, umepata jibu.

Vile vitambaa vya mafuta

Nimesema kwamba mafuta yanapokauka yanachukua oksijeni. Mmenyuko huo hutoa joto. Kwenye uso wa mbao joto linapotea hewani bila kuonekana, lakini kwenye kitambaa kilichofinyangwa na kutupwa kwenye ndoo ya taka halina pa kutokea. Linapanda, mmenyuko unaongezeka kasi, mpaka kitambaa kinawaka bila kiberiti. Tarehe 23 Februari 1991, jengo la One Meridian Plaza huko Philadelphia, lenye ghorofa 38, liliungua kwa moto ulioanzia ghorofa ya 22 kwenye vitambaa vilivyolowa linsidi baada ya kazi ya kusafisha mbao. Wazimamoto watatu walikufa. Kitambaa chako ni kidogo kuliko vile, lakini sheria ni ileile: kitandaze wazi nje mpaka kikauke kabisa na kuwa kigumu, au kiloweke kwenye maji kabla ya kukitupa.

Pale polishi isipokuwa na kazi

Rangi iliyopotea kwa jua hairudi kwa kupaka. Mti wa paduki, ambao ukiwa mpya huwa na wekundu wa machungwa, hugeuka kahawia chini ya mwanga, na msasa utaufunua wekundu mpya kwa muda tu kabla haujafuata njia ileile.

Ufa unahitaji kufikiriwa zaidi. Mbao hutanuka na kusinyaa kukata nyuzi zake kadiri hewa inavyobadilika unyevu, karibu haibadiliki kabisa kwa urefu wa nyuzi, na hakuna tabaka linaloweza kuzuia hilo, linachelewesha tu. Kifaa kilichozoea hewa ya Tanga kikipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi kinaweza kupasuka hata kama kimepakwa vizuri. Ufa mwembamba wa juujuu hujazwa supaglu na vumbi la msasa la mbao ileile, ukakaushwa na kusawazishwa, huku njia ya hewa ikiwa imezibwa na dirisha liko wazi kwa sababu ya mvuke wake mkali. Ufa uliofika kwenye chumba cha betri ni jambo jingine. Gundi itauficha machoni, lakini chumba kilicholegea huiacha betri icheze, ikichubuka ganda lake la plastiki dhidi ya chuma. Kifaa cha namna hiyo kivuliwe saketi, paneli nzuri zichukuliwe kwa kazi nyingine, na betri ipelekwe panapokusanywa taka za kielektroniki.